Mota haijafa: acheni kuuziwa mashine mara mbili

Najua kuna msomaji atauliza, afisa ugani na mashine ya kufulia wapi na wapi? Turudi kwenye ubwiriunga na bei ya mnada. Nitarudi huko wiki ijayo. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu fedha ya korosho ileile mnayonisumbulia kila msimu.

Malipo ya mnada yakianza kuingia, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Januari hivi, maduka ya vyombo vya umeme Mtwara mjini yanajaa watu kutoka Nanyamba, Tandahimba, Newala, Kitaya na Msimbati. Zamani ilikuwa redio na baiskeli, baadaye mabati na pikipiki. Siku hizi wapo wanaorudi na mashine ya kufulia, ile ya matangi mawili: tangi moja la kufulia, jingine dogo la kukamulia. Wengine ni ya nyumbani. Wengine, na hao ndio ninaowaandikia, wamenunua kwa biashara. Wanafua mashuka ya gesti, sare, nguo za watumishi wanaoishi peke yao, mablanketi ya wenye wagonjwa. Nawafahamu kinamama waliochukua mkopo wa kikoba kwa kazi hiyo. Nawafahamu pia waliochukua ule mwingine, wa kausha damu, wenye marejesho kila siku.

Sasa fika mwezi wa pili au wa tatu, mvua imekaa. Upande wa kufulia unafanya kazi vizuri. Upande wa kukamulia umegoma. Ukiwasha, mashine inaunguruma, dramu inatetemeka kidogo, basi. Shuka linatoka likidondosha maji, jua hakuna, gesti wanataka mashuka jioni. Fundi anaitwa. Anafungua, anachungulia, hana hata kipimo mkononi, na kabla chai haijapoa anatoa hukumu: "Mama, mota imekufa."

Na mama anajibu, "Basi fundi, weka nyingine."

Hapo ndipo ninapogomba. Mota ya kukamulia ni kifaa kigumu kuliko karibu kila kitu kinachoizunguka. Haina brashi za kulika, haina gia. Ni waya uliosukwa, chuma katikati, na beringi au bushi mbili. Vitu vinavyoweza kuizuia isizunguke ni vingi, na karibu vyote ni vya bei ndogo, vingine ni bure. Kuanza na mota ni sawa na mimi nije shambani kwako, nikute majani ya mkorosho yamejikunja, niseme tung'oe mti. Ungenifukuza, na ungekuwa na haki.

Tuanze na jambo ambalo huku kwetu ndilo la kwanza kulichunguza na ndilo la mwisho kuchunguzwa: umeme wenyewe. Soketi inatakiwa kutoa volti 230 au karibu na hapo. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, saa ambazo kila mtu ana taa, televisheni na friji, inaweza kupata chini ya hapo. Taa itawaka, simu itachaji, nawe utasema umeme upo. Mota haioni hivyo. Nguvu yake ya kuanza kuzunguka inashuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka, kwa sababu inafuata mraba wake. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya kusukuma inabaki kama asilimia 61. Ukishuka hadi 160, imebaki chini ya nusu. Dramu ina mashuka mazito ya maji, nusu nguvu haitoshi, mota inakaa inaunguruma na kupata moto. Mkiiacha ivyo kila siku, ndiyo, mwisho itaungua kweli. Lakini muuaji siyo mota.

Kupima jambo hili huhitaji fundi. Jaribu kukamua alfajiri, saa kumi na moja hivi, watu wengi wakiwa wamelala. Kama alfajiri inazunguka na saa mbili usiku inaunguruma tu, mota yako ni nzima na unayetaka kumlipa hana kosa la kutengeneza. Hamisha saa za kazi, au toa taarifa TANESCO kwamba volti ni ndogo, na uwaambie saa unazoipata hivyo, maana fundi wao akija saa nne asubuhi atakuta kila kitu kipo sawa. Stebilaiza inasaidia, ila nayo ina kikomo. Na ondoa ile ekstensheni nyembamba ya mita ishirini inayopita dirishani. Waya mwembamba na mrefu unakula volti zilezile chache ulizobakiwa nazo.

Wenye sola, hasa ng'ambo ya huku Mahurunga na visiwani, hesabu yenu ni nyingine. Mota inapoanza inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishazunguka. Inveta iliyoandikwa wati 300 inaweza kuwasha televisheni mwaka mzima na ikashindwa kuanzisha mota ya wati 200. Tena inveta za bei poa zinatoa umeme usio laini, mota inanguruma na kuchemka. Hilo nalo si mota kufa.

Umeme ukiwa sawa, chomoa plagi. Narudia: chomoa plagi, usizime swichi tu ukadhani umemaliza. Angalia kama chini ya dramu kuna maji yamesimama. Mashine hizi za matangi mawili nyingi hazina pampu. Maji yanatoka kwa kushuka yenyewe. Kwa hiyo mpira wa kutolea maji lazima ulale chini, usipandishwe kwenye ndoo ndefu wala kuninginizwa dirishani kama nilivyoona kwa mteja mmoja mwenye duka. Maji yakibaki, dramu inazunguka ndani ya maji, na maji yanaishika kama tope linavyoshika mguu. Kinachoziba mara nyingi ni mchanga wa pwani, nyuzi za khanga, vifungo na sarafu.

Soksi. Msicheke. Soksi moja ya mtoto ikiruka juu ya ukingo na kuingia kati ya dramu na tangi la nje inasimamisha kila kitu. Ndiyo maana mashine ilikuja na kile kisahani cha plastiki cha kugandamizia nguo juu, ambacho nyumba nyingi nimekiona kimegeuzwa kifuniko cha sufuria. Kirudisheni. Na pangeni nguo kuzunguka dramu nzima, siyo suruali mbili za jinzi upande mmoja. Dramu ikilemea upande inagonga, inapoteza mwendo, na inaharibu shafti.

Halafu kuna breki, na hapa mafundi wengi wa haraka wanapotea. Ukifungua mfuniko, breki inashika dramu. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kwa hiyo fundi anayefungua mfuniko, anaizungusha dramu kwa mkono, anaikuta nzito, halafu anasema "beringi imekwama", hajui mashine. Njia sahihi ni kufungua ubao wa nyuma huku plagi imechomolewa, kufunga mfuniko, na kuzungusha shafti kwa mkono kutokea chini. Mfuniko ukifungwa, kipande cha breki kinatakiwa kuachia kabisa. Kama bado kinagusa, waya wake umelegea, umekatika au umeota kutu. Hewa ya chumvi ya Msimbati na Mikindani haina huruma na waya mwembamba. Kuukaza ni kazi ya bisibisi na koleo. Hakuna cha kununua.

Ukiwa hapo nyuma, tazama pia nyaya. Panya wa ghala la korosho wanajua njia ya jikoni.

Sasa kapasita. Hiki ndicho kifaa ambacho, kama ningekuwa na uwezo, ningekichora kwenye kuta za kila ofisi ya AMCOS mkoa huu. Ni kopo dogo la plastiki, ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo, lina nyaya tatu kwenye mashine nyingi za matangi mawili. Juu yake pameandikwa namba, kwa mfano 10 + 5 µF, na volti 450. Maana ya ile alama ya kujumlisha ni kwamba ni kapasita mbili ndani ya kopo moja: kubwa ya mota ya kufulia, ndogo ya mota ya kukamulia. Ndiyo sababu upande mmoja unaweza kufanya kazi vizuri na mwingine ukagoma. Mtu akikuambia "kapasita haiwezi kuwa mbovu kwa sababu upande wa kufua unazunguka", anakudanganya au hajui, na vyote viwili vinakugharimu.

Mota ya aina hii peke yake haiwezi kuanza. Inahitaji kapasita iisukume upande mmoja. Kapasita ikidhoofika, mota inapata umeme, inaunguruma, lakini haijui ielekee wapi. Dalili ni ileile ambayo fundi wa dakika tano anaiita mota kufa. Kapasita mbovu wakati mwingine imevimba au imevuja, wakati mwingine kwa macho ni nzuri kabisa, kwa hiyo lazima ipimwe. Fundi mwenye multimita yenye kipimo cha kapasita anamaliza kazi hiyo kwa dakika moja. Ikisoma 2 pahali palipoandikwa 5, tatizo limepatikana. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mota. Wewe usiishike kwa vidole: hata plagi ikiwa imechomolewa inaweza kuwa bado imehifadhi umeme, na fundi lazima aumalize kwanza. Ukinunua mpya, nunua yenye namba zilezile. Usikubali "hii kubwa zaidi itaipa nguvu". Kubwa zaidi itaichemsha mota.

Kuna wakati mota imekufa kweli, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema ibadilishwe. Lakini ithibitishwe. Ina nyaya tatu. Fundi anapima ukinzani kati ya kila jozi, na kipimo kikubwa kinatakiwa kulingana na jumla ya vile viwili vidogo. Jozi isiyosoma chochote ina waya uliokatika ndani. Waya wowote ukisoma na bodi ya mota, umeme unavuja kwenye chuma, na mashine hiyo isiwashwe tena hata mara moja, maana mtumiaji wake amesimama kwenye maji. Mota iliyochemka tu, ambayo haijaungua, inaweza kuwa na kinga ya joto inayokata na kurudi. Iache nusu saa ipoe kabla ya kuiandikia cheti cha kifo.

Na mota iliyokufa kweli Mtwara kwa kawaida imeuawa na kitu cha mpira. Chini ya dramu shafti inapita kwenye sili inayozuia maji. Ikichanika, maji yanateremka moja kwa moja juu ya mota. Sisi wa visima vya pwani, ambavyo vingine maji yake ni ya chumvi, tunamimina chumvi juu ya beringi kila tukifua. Ukiona tone la maji chini ya mashine upande wa kukamulia, au michirizi ya kutu, badilisha sili wiki hiyo. Fundi anayeweka mota mpya chini ya sili iliyochanika ameshapanga safari yake ya kurudi kwako.

Wenye mashine zinazojiendesha zenyewe, za kufungulia juu au mbele: kwenu mara nyingi mashine inakataa kukamua kwa sababu maji hayajatoka. Anzeni na chujio la pampu, halafu kifungio cha mlango. Za mbele zilizokuja zimetumika huko nje ziangaliwe boliti za safari nyuma kama zimetolewa. Na wanaonunua zilizotoka Japani ndani ya makontena: kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu moja kwa moja, hakuna makala ya kukusaidia.

Sasa nirudi kwa fundi, maana nimemsema sana na yeye ana jibu lake, na jibu lake ni zuri kuliko tunavyopenda kukiri. Anasema: "Afisa, nikimwambia mama ni waya wa breki tu, ananipa soda." Ni kweli. Sisi tunalipa kifaa, hatulipi macho. Fundi aliyepanda bodaboda kutoka mjini, akakaa saa nzima kuchunguza, akakuta soksi, anaondoka na asante. Aliyebadilisha mota nzima bila kupima anaondoka na fedha, na tunamsifia kwamba amefanya kazi kubwa. Kwa utaratibu huo tunamfundisha mtu mwaminifu kuwa mwongo. Kubalianeni naye ada ya uchunguzi kabla hajafungua, mlipeni hiyo hata kama alichokuta ni soksi. Wapo vijana waliosoma VETA wanaojua kupima vizuri sana na wanakosa wateja kwa sababu wanachukua muda.

Lakini ada hiyo inunue kitu. Unapomlipa, mwombe akuonyeshe mambo mawili kwenye kipimo: volti zilizopo wakati mashine inajaribu kuzunguka, siyo wakati imezimwa, na namba inayosoma kapasita. Akikwepa, huna fundi. Na akibadilisha chochote, kifaa cha zamani kibaki kwako. Mota "iliyokufa" ina waya wenye thamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kama haikufa, ina thamani zaidi: itakwenda kwa mteja mwingine ikiwa imepigwa rangi. Hapa tunaijua kangomba. Tunajua mtu anavyokuja wakati wa njaa, anachukua korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu anajua huna pa kukimbilia. Mtu anayekuuzia mota ukiwa na rundo la mashuka mabichi na marejesho ya jioni amesimama pahali palepale.

Wengine mtaniambia shida ni bidhaa zenyewe, ni takataka, zinatengenezwa zife. Zipo dhaifu, sikatai, na plastiki zake zinapasuka. Lakini ukisema "ni takataka" umemsamehe kila mtu: fundi, muuzaji asiyeweka kapasita dukani, na mwenye mashine aliyeipakia jinzi tano. Halafu wapo wanaume wanaoniambia kwenye mikutano kwamba mashine ni uvivu wa wanawake. Hao nawaomba wakamue blanketi moja kwa mikono, mwezi wa tatu, halafu tuendelee na mkutano.

Jambo moja la kilimo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Msimu wa kupulizia, nguo za salfa zisiingie kwenye mashine zikiwa na unga. Kung'uteni nje, zisuuzeni kwanza kwenye ndoo ya peke yake, mbali na kisima, na zisichanganywe na nguo za watoto. Salfa inachafua na kula shaba, na kwenye swichi na taima mna shaba. Nguo za viuatilifu vya maji zioshwe peke yake kabisa. Anayefulia watu kwa malipo aulize mteja kabla ya kupokea.

La mwisho ni swichi ya mfuniko. Ikiharibika, dramu haizunguki kabisa na hata kuunguruma hakuna. Njia ya mkato ni kuunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja, mashine inakamua, mteja anafurahi, fundi anasema "nimekuondolea usumbufu". Dramu hiyo inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Kama ina upana wa sentimita 24, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mwendo wa bodaboda kwenye lami. Nguo iliyojisokota humo inashika mkono wa mtoto na kuuvuta kabla hajapiga kelele. Kwa hiyo kabla hujalipa fundi yeyote, iwashe mwenyewe, acha ishike mwendo, kisha inua mfuniko. Dramu inatakiwa kusimama ndani ya sekunde chache. Isiposimama, mwambie arudishe bisibisi yake mezani, kazi haijaisha.